Meli Imefika Wapi? Mbinu za Kuuliza Ukiwa Magogoni

Wakala akikupigia simu dukani Kariakoo na kusema "meli imefika", mwulize papo hapo: imefika wapi? Jibu lake ndilo litakalokuambia kama uanze kutafuta lori au uendelee na shughuli zako.

Akisema imetia nanga nje, meli iko bahari ya wazi, nje ya mlango wa bandari, inangoja zamu. Mzigo wako haujaguswa. Akisema imepandisha rubani, mtaalamu wa bandari yuko melini anamwongoza nahodha, na tagi zinaisindikiza kupita mlango ule mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni. Ukiwa karibu na soko la samaki la Feri utaiona, na pantoni likiipisha. Akisema imefunga gati, ulizia namba ya gati na kama wameanza kushusha. Neno "bandarini" peke yake usilikubali, maana meli yaweza kuwa ndani ya bandari na bado haijafunga gati.

Kwa vyombo vidogo lugha ni nyingine, na hii ndiyo ningependa kila anayekodi boti aijue. Mashua na ngalawa hupumzika dikoni. (Wenzetu wa Ziwa Victoria huita mwalo.) Ukiambiwa chombo kimepwelewa, maji yamekitoka, kimekaa juu ya tope, na hakuna nguvu ya watu itakayokiondoa hadi maji yarudi. Kwa hiyo kabla ya kupatana bei, uliza: leo ni bamvua au maji mafu? Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Tena usiseme "kesho saa hizi hizi": maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku.

Hata bila kuuliza mtu unaweza kuyasoma maji. Tazama vyombo vilivyotia nanga mkondoni. Chombo hugeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kule mkondo unakotoka. Omo zikielekea baharini, maji yanajaa; zikielekea Kurasini, yanatoka. Upepo mkali huweza kuzigeuza, basi angalia na amari, ile kamba ya nanga, pale inapozama: maji yakigawanyika juu yake na kuacha mkia wa mapovu nyuma, mkondo una nguvu, na abiria mwenye mtoto mgongoni asubiri kidogo kabla ya kurukia mtumbwi.

Mkitia nanga mahali, nahodha aachie amari ya kutosha. Kwa chombo kidogo chenye kamba, angalau mara 5 ya kina ni kipimo kizuri, na kina hicho kihesabiwe kwa maji makuu. Kisha chagua alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mnazi mbele na paa la nyumba nyuma yake. Alama zikiachana na kuendelea kuachana, nanga inaburura; mwambie nahodha mara moja, asije akagutuka chombo kimepanda mwamba.

Kujihifadhi na upepo kunategemea majira. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, kaskazi Desemba hadi Machi. Upande upepo unakotokea ni goshini, na ule uliofichika nao ni demani. Chombo hukimbilia demani ya kisiwa. Msimu wa kusi, huko Bongoyo, ni ufukwe wa kaskazini magharibi. Kaskazi ikishika, hesabu hiyo hugeuka. Nahodha akisema anapita demani, mwache apite, hata kama njia itakuwa ndefu na mafuta yataongezeka.