Upana wa Herufi na Mahali pa Toni

Lingala ina maneno matatu ambayo sikio lililoizoea huyatofautisha bila shida, hata hapa Mulongwe: “moto” (mtu), “motó” (kichwa) na “mɔ́tɔ” (moto unaowaka). Kwenye karatasi, tofauti hiyo inabebwa na irabu ɔ na alama ndogo ya toni ya juu. Alama ikiteleza hadi konsonanti jirani, msomaji hajui tena ni silabi ipi inayopanda. Makala haya yanaonyesha kwamba mahali pa alama hiyo hapaamuliwi na umbo la herufi peke yake, bali na namba zilizomo katika faili za fonti. Mfano wetu ni TeX, programu ya kupanga kurasa ya Donald Knuth, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978.

TeX inapopanga mstari haitazami picha ya herufi hata moja. Inasoma faili ya vipimo iitwayo TFM, yenye upana, kimo na kina cha kila herufi, pamoja na masahihisho ya jozi zinazopaswa kusogezwa. Picha zenyewe, yaani mpangilio wa vitone au pikseli, zimo katika faili nyingine, kwa mfano PK, muundo uliobuniwa na Tomas Rokicki mwaka 1985. Ndani ya PK kila herufi ina upana wa namna mbili: upana halisi, ulioandikwa kama sehemu ya ukubwa wa fonti, na upana wa pikseli, ambao kwa kawaida ni namba kamili.

Kwa nini mara mbili? Tupime neno “moto” kwa fonti ya Knuth ya pointi 10, kwenye mashine inayochapa vitone 300 kwa inchi. Upana halisi wa m ni pikseli 34.59, wa o 20.76, wa t 16.14. Mashine haiwezi kuchapa nusu ya kitone, kwa hiyo namba hizo zinakuwa 35, 21 na 16. Neno zima lilipaswa kuwa 92.25, sasa ni 93. Maneno 15 ya namna hiyo yangesukuma mstari kwa takriban milimita moja. Ndiyo maana programu ya kuchapisha hutumia upana wa pikseli ndani ya neno, ili herufi zikae sawasawa, kisha hurudi kwenye upana halisi inapofika nafasi kati ya maneno.

Toni nayo hufuata hesabu hiyohiyo. TeX huchukua upana wa herufi, hutoa upana wa alama, na nusu ya tofauti ndiyo hatua ya kuisogeza alama hadi katikati. Ukiazima ɔ kutoka fonti nyingine, masahihisho ya jozi kati yake na herufi jirani hayafanyi kazi, kwa kuwa kila TFM inajua herufi zake tu. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa fonti za fc, ambazo Jörg Knappen alizieleza katika jarida TUGboat mwaka 1993: ɓ, ɗ, ɛ, ɔ na ŋ zinakaa katika fonti moja na herufi za kawaida, kila moja na kipimo chake.

Fonti za siku hizi nyingi huchora kwa mistari badala ya pikseli, lakini swali halijaondoka. Katika Unicode, ó ina namba yake moja, ɔ́ haina. Huundwa kwa ɔ ikifuatwa na alama isiyochukua nafasi, na fonti lazima iseme alama hiyo itue wapi. Fonti isiposema, toni huelea.

Kwa sisi tunaoandika juu ya Kifuliiru, Kivira au Kibembe, lugha zenye toni, kuchagua fonti ni sehemu ya uchambuzi. Kabla ya kuchapa tasnifu, andika kila irabu ya lugha yako pamoja na kila alama ya toni, fupi na ndefu, kwa mkozo na kwa mlalo, kisha uichape kwenye karatasi na kuikagua. Data iliyokusanywa kwa uangalifu kinywani mwa mzee isipotee kwa sababu ya namba moja iliyokosekana katika faili.