SOMO LA KUJISOMEA: BARUTI LAINI NA KOSA LISILOJIFICHA



Katika kikundi chetu cha kujisomea hapa Mutanga Sud, ndugu mmoja mwashi, anayejenga nyumba kwenye miteremko ya mtaa huu, alituletea swali. Kazini kwao wanatumia bastola ya misumari, yaani chombo kinachopigilia msumari ndani ya zege kwa nguvu ya kirisasi kidogo kisicho na kichwa. Siku moja msumari ulipenya ukuta mzima ukatokea upande wa pili. Mwenzao aliyekuwa akikoroga mchanga upande huo alikuwa ameondoka dakika chache tu kwenda kunywa maji.

Msimamizi akasema: "Huu ni uzembe." Lakini ndugu yetu alikuwa amefanya kazi kama siku zote. Kilichobadilika ni rangi ya virisasi. Sanduku la jana lilikuwa na rangi moja, la leo lina rangi nyingine, na hakuna aliyemweleza maana yake. Akatuuliza: "Je, baruti si baruti tu?"

Jibu ni hapana. Ili tuelewe vizuri, tumechagua mfano wa wapiga shabaha. Hawa ni watu wa mchezo wanaojaza upya maganda ya risasi zao wenyewe, nao hutafuta baruti laini isiyopiga mkono wala bega. Hatumfundishi mtu kujaza risasi nyumbani. Katika nchi zetu silaha na risasi zinasimamiwa na sheria, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Burundi iliitia sahihi, inazitaka serikali zizidhibiti. Tunachotaka ni kujifunza namna ya kufikiri juu ya kitu cha hatari kinachowekwa mkononi mwa mfanyakazi.

1. BARUTI HUTOKA WAPI

Wazee wetu waliijua baruti nyeusi, ile ya gobori, bunduki ya kushindilia. Ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti cha unga. Hutoa moshi mwingi na huacha masizi mazito ndani ya mtutu.

Baruti ya leo ni nyingine, na ndugu zetu wanaolima pamba katika tambarare ya Imbo wasikie vizuri. Kiini chake ni nyuzi za mimea, hasa zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa. Nyuzi hizo hutiwa asidi kali, kisha huoshwa. Mtaalamu Schönbein wa Basel, Uswisi, aligundua jambo hilo mwaka 1846. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Julai 1847, kiwanda cha pamba hiyo kule Faversham, Uingereza, kililipuka na kuua wafanyakazi wapatao 20. Katika miaka ya 1860 Frederick Abel alionyesha kwamba pamba hiyo lazima isagwe na kuoshwa sana, kwa sababu mabaki ya asidi huifanya ijiharibu yenyewe. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza kutokana nayo baruti isiyo na moshi.

Mnaona, ndugu, kwamba elimu ya baruti imelipiwa kwa maisha ya wafanyakazi.

2. UPESI WA KUUNGUA

Tupa gogo motoni: litaungua usiku kucha. Lipasue vijiti: vitakwisha kwa saa moja. Lifanye unga wa msumeno na uurushe juu ya moto: utawaka mara moja. Mti ni ule ule, ila umbo limebadilika.

Baruti isiyo na moshi nayo hufuata kanuni hiyo. Hutengenezwa kwa vipande bapa, vidonge au vijiti vyenye tundu, na nyingine hupakwa dawa ya kupunguza kasi ya moto. Kwa hiyo kuna baruti za haraka na baruti za polepole, na kati yao daraja nyingi.

Kuna jambo la pili la kukumbuka. Baruti hii ikiwa kidogo na mahali pa wazi, huwaka tu. Ikifungiwa ndani ya ganda, hewa moto hukosa pa kwenda, shinikizo hupanda, na shinikizo likipanda baruti huungua upesi zaidi. Katika risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9, shinikizo hilo huweza kupita mara 2,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Hapo ndipo kosa dogo huweza kupasua chuma.

3. KWA NINI BUNDUKI HUPIGA BEGA

Risasi ikisukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma. Kadiri risasi inavyokuwa nzito na ya kasi, ndivyo bega linavyoumia. Lakini si risasi peke yake inayotoka mtutuni. Baruti yote iliyomo, ikiwa imegeuka hewa moto, hutoka pia kwa kasi kubwa, nayo husukuma bunduki nyuma na kupiga kelele.

Mpiga shabaha hahitaji nguvu nyingi. Anatoboa karatasi tu. Basi huchagua risasi ya kasi ndogo na baruti ya haraka. Mtu angedhani baruti ya haraka ndiyo yenye teke kali. Sivyo, kwa kuwa hufanya kazi yake kwa kiasi kidogo, sehemu ndogo tu ya gramu moja, na humaliza kuungua ndani ya mtutu mfupi wa bastola. Baruti ya polepole hufaa bunduki ndefu na risasi nzito. Ukiiweka kidogo katika bastola, haifikii joto lake. Sehemu yake huungua nje kwa mwali na kishindo, na chembe mbichi hubaki mtutuni.

Kwa sababu hiyo baruti ya haraka iitwayo Bullseye, iliyoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, imetumiwa na wapiga shabaha wa bastola kwa zaidi ya miaka 100.

4. LAINI MKONONI, HATARI MEZANI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Mwaka 1898 ilitokea Marekani risasi ya bastola iitwayo .38 Special. Ganda lake lilipimwa kwa baruti nyeusi, ambayo hujaa nafasi kubwa. Baruti ya haraka isiyo na moshi ilipochukua nafasi yake, kipimo kidogo kilikaa chini kabisa ya ganda, na sehemu kubwa ikabaki tupu.

Matokeo yake ni nini? Mtu akipigiwa hodi, akaenda mlangoni, akarudi na kujaza ganda lile lile mara ya pili, ganda halifuriki. Halilalamiki. Akilifunga kwa kichwa cha risasi, kwa nje ni sawa na mengine yote. Kosa limefungiwa ndani likingoja mkono wa mpigaji, au wa mtu mwingine asiyejua lolote.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Baruti ikipunguzwa mno kwa kutafuta ulaini, risasi hukwama katikati ya mtutu. Mlio huwa hafifu, mtu hudhani risasi imeharibika, hufyatua nyingine, na mtutu hupasuka. Kwa hiyo ulaini hautafutwi kwa kukisia. Una mpaka wa juu na mpaka wa chini, na mipaka yote miwili imeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti.

Mtu mwenye busara, basi, haulizi tu, "Ipi ni laini?" Huuliza maswali matano:

Kwanza, je, mtengenezaji ameiandikia vipimo kwa risasi hii hasa? Kama hakuandika, haitumiki.

Pili, je, huwaka sawasawa hata ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa, bastola ikiinamishwa au ikiinuliwa? Baruti nyingine hubadilika kwa kulala upande wa fataki au mbali nayo.

Tatu, je, hupita vizuri katika kipimio? Vidonge vidogo humiminika kama mtama. Vipande vikubwa bapa huweza kukwama, kipimo kimoja kikapungua na kinachofuata kikazidi.

Nne, je, hujaza ganda kiasi kwamba kipimo cha pili kingefurika? Hili ndilo swali kubwa. Katika miaka ya 2000 ilitokea baruti iitwayo Trail Boss, yenye chembe kama vipete vidogo. Uzito wake ni mdogo lakini hujaza nafasi, kwa makusudi ya kwamba risasi laini zijazwe na kosa lionekane.

Tano, je, ina mpaka mpana wa usalama? Baruti ya haraka sana hupandisha shinikizo ghafla kwa nyongeza ndogo.

Na mezani kuna kanuni zake: kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, baruti haichanganywi wala haihamishiwi katika kopo la nyingine, mizani hukaguliwa kabla ya kazi, maganda yote huangaliwa kwa taa kabla ya kufungwa, na aliyechoka huacha kazi.

5. BARUTI HUZEEKA

Baruti haikai milele. Hujiharibu polepole, na joto huharakisha. Watengenezaji hutia dawa ya kuituliza, lakini dawa nayo hupungua mwaka hadi mwaka. Harufu kali ya uchachu, unga wa rangi ya kutu au mvuke wa kahawia ni dalili za hatari. Asiyeielewa asiiguse, aondoke na kutoa taarifa.

Ghala la risasi karibu na nyumba za watu ni jambo la kila raia. Dar es Salaam iliona milipuko ya maghala ya jeshi Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na tena Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Katika kila tukio walikufa watu wasiopungua 20.

6. TUNAJIFUNZA NINI

Turudi kwa ndugu yetu mwashi. Rangi za virisasi vya bastola ya misumari ni daraja za nguvu. Huweza kutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo hazikisiwi. Husomwa kwenye sanduku na katika kitabu cha chombo. Kanuni ni kuanza na daraja dhaifu kabisa, kujaribu, kisha kupanda hatua kwa hatua. Na kabla ya kufyatua, upande wa pili wa ukuta lazima uwe mtupu.

Nani alipaswa kumweleza hayo? Mpiga shabaha hujichagulia baruti, kitabu na saa ya kupumzika. Mfanyakazi hachagui. Hupewa sanduku lililopatikana dukani, huambiwa aharakishe, na pengine hulipwa kwa hesabu ya vipande. Kosa likijificha ndani ya kazi iliyopangwa na mwingine, si haki kuliita uzembe wa aliyeshika chombo.

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamtaka mwajiri ahakikishe, kadiri iwezekanavyo, kwamba mashine, vifaa na taratibu za kazi ni salama. Unasema pia wafanyakazi wafundishwe. Na mfanyakazi anayejitoa kwa sababu ya msingi mbele ya hatari kubwa ya papo hapo anapaswa kulindwa asidhulumiwe. Mwezi Juni 2022 mkataba huo ulifanywa kuwa mmoja wa mikataba ya msingi, na nchi zote wanachama zinapaswa kuheshimu kanuni zake hata kama hazijauridhia. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 1963.

Kwa hiyo tusidai tu zana zisizoumiza mkono. Tudai zana na taratibu zinazoonyesha kosa mapema, kabla halijamfikia mtu. Ndugu yetu mwashi ameanza: amewataka wenzake wabandike ukutani maelezo ya rangi kwa Kiswahili na Kirundi, na asiwepo wa kufyatua bila mwenzake kusimama upande wa pili kuzuia watu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kazini kwako, ni kosa gani linaloweza kutokea bila kuonekana kwa macho?
2. Dawa za shamba mnazopewa, je, zimo ndani ya makopo yake yenyewe, na maandishi yake yanasomeka?
3. Ajali ya mwisho iliitwa "uzembe". Nani alichagua chombo, nani alipanga mwendo wa kazi, na nani alifundishwa?

Jadilini, andikeni majibu, na mwakilishi wenu ayalete kwenye mkutano.