Dayodi Kwenye Mchoro: Mshale Unaelekea Wapi?

Nitajuaje upande wa chanya na wa hasi wa dayodi ninaposoma mchoro wa saketi?

Alama yake ni pembetatu iliyogota kwenye kistari. Pembetatu ni anodi, kistari ni kathodi, na umeme huruhusiwa kupita kule ncha ya pembetatu inakoelekea. Ukishika dayodi yenyewe, tuseme 1N4007 ambayo imejaa kwenye chaja na redio, utaona pete ya rangi ya fedha mwisho mmoja wa mwili mweusi. Pete hiyo ndiyo kistari cha mchoroni.

Lakini dayodi haina chanya na hasi kama betri. Ina pa kuingilia na pa kutokea, basi. Anayekariri kwamba kathodi lazima iende kwenye hasi atapotea mapema.

Shuleni tuliambiwa elektroni hutoka hasi kwenda chanya. Mbona mshale uko kinyume?

Mafundi walikwisha kukubaliana kuchora mkondo ukitoka chanya kwenda hasi kabla J. J. Thomson hajaitambua elektroni mwaka 1897. Utaratibu ule haukubadilishwa. Unaposoma mchoro, ziweke elektroni kando.

Nina mchoro wa rilei ya volti 12. Dayodi iliyo sambamba na koili imeelekeza kistari kwenye chanya. Mchoraji alikosea?

Hakukosea. Mshale hauonyeshi umeme unakopita sasa hivi. Unaonyesha unakoruhusiwa kupita. Rilei ikiwa imewaka, dayodi hiyo imeziba na haifanyi kazi yoyote. Kazi yake huja pale transista inayoiwasha na kuizima rilei inapokata umeme. Koili haikubali mkondo wake ukatike ghafla, kwa hiyo inageuza volti zake yenyewe, na zinaweza kupanda hadi mamia. Bila njia ya kupumulia, volti hizo huishia kwenye transista na kuiua. Dayodi inaupa mkondo ule njia ya kuzunguka ndani ya koili mpaka uishe.

Ukiigeuza ukidhani unamsahihisha mchoraji, transista ikiwaka tu utakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Kitaungua kimojawapo, dayodi au transista, na mara nyingi vyote viwili.

Dayodi ya Zener nayo huwekwa hivyo kwa makusudi. Kistari chake kina ncha zilizopinda, nacho hutazama chanya, kwa sababu tunaitaka ipitishe umeme kinyumenyume volti zikifika kiwango chake, mathalani 5.1. Kwa hiyo, kila ukikuta dayodi, jiulize kwanza: hii imewekwa ipitishe au izuie?

Zile nne zilizochorwa kama almasi hunichanganya kila mara.

Hilo ni daraja la kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Usizifuate moja moja, tazama kona. Kona ambapo vistari viwili vinakutana ndiyo chanya. Kona ambapo pembetatu mbili zimepeana migongo ndiyo hasi. Kona mbili zilizobaki, zenye kistari kimoja na mgongo mmoja, hupokea nyaya za transfoma. Ukigeuza dayodi moja tu, transfoma itapigwa shoti katika nusu moja ya kila mzunguko, na fyuzi ndiyo itakayokuambia.

Na vimishale vidogo pembeni ya alama?

Vikitoka nje, ni LED. Vikiingia, ni dayodi inayohisi mwanga. LED mpya ina mguu mrefu, nao ni anodi. Miguu ikishakatwa, tafuta upande uliosawazishwa kwenye ukingo wa plastiki, huo ni kathodi.

Pete imefutika. Nipime vipi?

Zima umeme, subiri kapasita ziishiwe chaji, kisha inua mguu mmoja wa dayodi kutoka kwenye bodi. Weka mita ya dijitali kwenye alama ya dayodi. Ikisoma kati ya 0.5 na 0.7, waya mwekundu umegusa anodi ya dayodi ya silikoni. Ya Schottky husoma chini zaidi, karibu 0.2 au 0.3. Ikikataa pande zote mbili, au ikisoma sifuri pande zote mbili, itupe.

Wenye mita za sindano wawe macho: nyingi, zikiwa kwenye omu, hutoa chanya kwenye waya mweusi, na anodi hugeuka kathodi machoni pako. Jaribu kwanza kwa dayodi mpya ambayo pete yake inaonekana, ndipo uiamini mita yako.