Nyumba ya migale bila feza nyingi

Wengi wanafikiri kwamba kufuga migale, ndiye buibui mkubwa mwenye manyoya, kunaomba sanduku la vioo la bei kali. Sivyo. Kopo pana la plastiki lenye kifuniko kinachofunga vizuri linatosha, tukifuata vipimo.

1. Upana. Tukadirie mnyama, miguu ikiwa imetandazwa. Akiwa na sentimetre 12, kopo liwe na 36, ni kusema mara tatu.

2. Kimo. Hapa ndipo wengi wanaua mnyama. Migale wa chini ana tumbo laini na zito. Akipanda ukuta na kuanguka, linaweza kupasuka, naye atakufa. Basi toka udongo mpaka kifuniko isipite sentimetre 18. Migale wengi wa Afrika wanachimba mashimo: tuwape udongo mwingi, sentimetre 15 ao zaidi. Yule wa miti peke yake ndiye anayehitaji kopo refu.

3. Hewa. Tutoboe matundu kwa msumari wa moto kabla ya kumwingiza. Yawe madogo kuliko kichwa chake, asipate kutoroka.

4. Maji. Kifuniko cha chupa kinatosha.

Tusimshike kwa mkono. Migale wa Afrika hana nywele za kuwasha kama wengi wa Amerika. Anajilinda kwa kuuma, na maumivu ni makali.

Maulizo: Sanduku refu la vioo na kopo fupi, lipi lafaa migale wa chini? Kwa sababu gani?