Kabla hujakodi bonde, ijue siasa ya mafuriko

Wiki hii nimeulizwa mara tatu: "Bwana shamba, bonde la Mbwemkuru wanakodisha bei poa, nikalime mpunga?" Kabla ya habari ya mbegu, tuongee siasa kidogo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ipo. Ila usimamizi wake unafuata kalenda ya kura. Tazama Dar es Salaam: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande, wengi wakabaki Bonde la Msimbazi. Tingatinga za kubomoa ziliingia Desemba 2015, miezi miwili tu baada ya uchaguzi. Jihesabie mwenyewe. Wa bondeni nao ni wapiga kura, na mgombea gani atawaambia wahame wakati wa kampeni?

Mkoa wetu wa Lindi ulifurika Januari 2020, Kilwa ikaumia zaidi, na huo nao ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Unga na mahema ya msaada hupigwa picha. Kalavati lililozibuliwa Oktoba, nyumba zikapona, nani atalipigia makofi? Ndiyo maana hela hufika baada ya maji, si kabla.

Na mimi nina kosa langu. Kiongozi mmoja alisema mkutanoni, "Limeni tu, hakuna wa kuwagusa." Nikanyamaza, niliogopa. Kijana niliyekuwa namshauri akapanda ekari tatu, mto ukazibeba zote. Alipokwenda kuomba msaada akaambiwa shamba lilikuwa ndani ya mita 60. Ile kauli? Haikuandikwa kwenye muhtasari wowote.

Kwa hiyo chukua futi kamba, pima kuanzia maji yanapofika masika, siyo kiangazi mto ukiwa mchanga mtupu. Ukiwa na shaka, waulize Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini kabla hujatoa hela ya kodi.

Halafu shinikizo nasi tunalo. Mkutano mkuu wa kijiji upo kila miezi mitatu, na vijana hamuendi! Nendeni kabla halmashauri haijafunga bajeti. Ulizeni kamati ya maafa ya kijiji ina nani, ombeni kalavati kwa kutaja mahali lilipo, na msiondoke mpaka mtendaji aliandike.