Kutengeneza Pombe ya Matufaha Nyumbani

Mkulima wa milimani, kama Lushoto, Njombe na Makete, anaijua hasara hii. Wakati wa mavuno, matufaha makubwa yasiyo na doa hupata mnunuzi. Yale madogo, au yaliyochubuka njiani, hurudi nyumbani yakaoza. Lakini matunda hayo bado yana sukari nyingi. Katika Uingereza na Ufaransa wakulima wamekamua matufaha na kuyafanya pombe kwa karne nyingi. Kazi yenyewe si ngumu kuishinda ile ya mbege. Yataka usafi na subira tu.

1. Kuchagua matunda. Tumia matufaha yaliyoiva vizuri. Yaliyochubuka yafaa, lakini yaliyooza au kuota ukungu yatupwe, kwa maana ukungu huo huweza kuacha sumu ambayo hata moto hauiondoi. Usiokote matunda yaliyoanguka mahali panapolala au kulishwa mifugo. Osha kwa maji safi na ukate sehemu zenye mabaka.

2. Vyombo. Tumia chombo cha kioo, cha udongo uliochomwa na kupakwa rangi isiyo na risasi, au ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula. Usitumie ndoo ya mabati, kwa sababu uchachu wa matufaha huyeyusha madini yake yakaingia katika kinywaji. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekewa dawa ya mimea, hata kikioshwa mara kumi. Osha vyombo vyote kwa sabuni, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa.

3. Kukamua. Katakata matunda, yatwange katika kinu safi, kisha yakamue kwa kitambaa kizito. Kilo 20 za matufaha hutoa lita 8 hadi 12 hivi, kwa kadiri ya ukamuaji wako. Machicha wape nguruwe au ng'ombe, kidogo kidogo. Pasha maji ya matunda katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu mpaka yatoe mvuke bila kuchemka, uyaache hivyo kwa dakika 10 ili kuua vijidudu.

4. Kuchachusha. Maji yakishapoa na kuwa vuguvugu, tia hamira ya mkate, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10. Moto umeua chachu iliyokuwa katika maganda, kwa hiyo usiache hatua hii. Jaza chombo sehemu nne tu kati ya tano, maana povu litapanda. Funika vizuri. Toboa kifuniko, upitishe mpira mwembamba, na ncha yake ya nje uitie katika kikombe cha maji. Hivyo hewa inayozalishwa hutoka, wala hewa ya nje haiingii. Weka mahali penye ubaridi na kivuli. Siku za kwanza utaona mapovu mengi. Baada ya wiki 2 hadi 4 yatakoma.

5. Kutia katika chupa. Hapa ndipo wengi hukosea. Mama mmoja niliyemtembelea alitia pombe yake katika chupa za kioo siku ya nne, ikiwa bado tamu, akaziba kwa nguvu na kuziweka chini ya kitanda cha watoto. Usiku chupa tatu zilipasuka. Watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao. Vipande vya kioo vilikutwa juu ya mkeka. Sababu ni hii: sukari iliyobaki huendelea kuchachuka, na hewa ikikosa njia huvunja chupa. Basi ngoja mpaka mapovu yamekoma kwa wiki nzima na utamu umekwisha. Kisha hamisha kwa mpira, ukiacha mashapo chini. Kwa mtu anayeanza, chupa za plastiki za soda ni bora: ikiwa chupa imekuwa ngumu kama jiwe, fungua kidogo hewa itoke.

6. Ikiharibika. Pombe ikipata hewa hugeuka siki. Hilo si hasara. Iache katika chombo kilichofunikwa kwa kitambaa kwa miezi 1 au 2, nawe utakuwa na siki. Lakini ikiota ukungu wenye manyoya, mwaga yote.

7. Tahadhari. Nguvu ya pombe hii ni asilimia 5 au 6 hivi, karibu sawa na bia. Isinywewe na watoto wala wanawake wajawazito. Usiichemshe ili kukusanya mvuke wake kama wafanyavyo wapika gongo. Ni hatari na ni kinyume cha sheria. Ukitaka kuuza, ulizia leseni kwanza.

Mwaka wa kwanza anza na lita 10 tu, uandike siku ya kutia hamira na siku mapovu yalipokoma. Ukikwama, mwite Bwana Shamba wako kabla ya kuziba chupa, si baada ya kupasuka.