Deni la Nyumba na Pumziko la Uzeeni

Mwezi huu twataka kujifunza neno ambalo wengi hulificha hata kwa wenzi wao, nalo ni deni. Wazee walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa kuna furaha. Siku ya kulipa mlango hufungwa, na watoto hufundishwa kusema kwamba baba hayupo. Basi deni haliondoi fedha tu, laondoa na kweli nyumbani.

Sisi tuandikao haya ni mume na mke, walimu wote wawili, nasi twakaa katika kihamba cha wazazi huku Kilimanjaro. Tulipata kuwa wadeni wa watu watatu. Deni la kwanza lilikuwa la matanga ya mzee wetu, la pili la mabati ya nyumba. La tatu lilikopwa na mmoja wetu kwa siri, ili kuwanyamazisha wale wawili wa kwanza, na kihamba chenyewe kikawekwa rehani. Mwenzake hakujua mpaka mdai alipokuja kupima mipaka. Siku ile tulifahamu ya kuwa tungeweza kuwaachia watoto wetu deni mahali pa urithi.

1. Kuhesabu pamoja. Jioni moja tulichukua daftari, tukaandika kila deni: ni la nani, ni kiasi gani, riba yake, na siku ya kulipa. Kisha kwa mwezi mzima tuliandika kila shilingi iliyotoka, hata ya chumvi, ya sabuni na ya simu. Kazi hii ilikuwa chungu, wala haikupita bila machozi. Lakini mgonjwa asiyetaka kuonyesha kidonda chake atatibiwaje?

2. Kuijua riba. Lile deni la siri lilikuwa shilingi 300,000, kwa riba ya 10 katika kila 100 kwa mwezi. Watu huiita mikopo ya namna hii kausha damu, na jina hilo si la bure. Tulikuwa tukilipa 30,000 kila mwezi, tukidhani twalipunguza deni. Sivyo! Hiyo ilikuwa riba tupu. Alipaye hivyo mwaka mzima ametoa 360,000, na deni bado ni 300,000 vilevile. Lakini akilipa 60,000 kila mwezi, mwezi wa kwanza 30,000 ni riba, na 30,000 hupunguza deni lenyewe. Mwezi wa pili riba ni 27,000, kwa hiyo 33,000 hupunguza deni. Na hivyo huendelea. Katika mwezi wa nane hubaki kulipa pungufu ya 17,000 tu, na jumla ya malipo yote haifiki 440,000. Mmoja hulipa mwaka mzima asipone, mwingine hupona kwa miezi minane.

3. Kulipa kwa utaratibu. Tuliwaendea wadai wote, tukawaambia kweli. Kwa wale wawili tulilipa kidogo tulichoahidi, na fedha yote iliyozidi tulielekeza kwenye deni lenye riba kubwa, maana ndilo lililotula zaidi. Lilipokwisha, malipo yake tuliyahamishia kwa deni la pili. Iliyozidi ilitoka wapi? Tuliuza maziwa na ndizi, tukaacha kununua nguo mpya, tukapunguza michango ya harusi. Jambo hili la mwisho lilituumiza, kwa kuwa wengine walituita wachoyo. Lakini atoaye kwa fedha ya kukopa hatoi kilicho chake.

4. Kuzuia deni lisirudi. Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu, lakini njaa, ugonjwa na mahitaji ya shule ya Januari havingoji msimu. Kwa hiyo iwekwe kando akiba ya matumizi ya miezi mitatu, nayo isiguswe ila kwa shida ya kweli. Tena tujiunge na chama cha akiba na mikopo kilicho na hesabu wazi. Huku kwetu wakulima waliunda chama chao cha KNCU mwaka 1933 ili kuuza kahawa yao pamoja. Basi kushirikiana si jambo geni kwetu.

5. Kuandaa pumziko. Nchini Tanzania watumishi walio wengi waweza kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na lazima wafikapo 60. Pensheni ya kila mwezi huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Lakini astaafuye mapema na deni mkononi hastaafu. Fedha yake ya mkupuo itapita kwake njiani kuelekea kwa mdai. Basi deni liishe kwanza, ndipo yale malipo ya kila mwezi yageuzwe kuwa akiba. Akiba ikipata faida ya 12 katika 100 kwa mwaka, na faida ikiachwa ndani, huongezeka mara mbili kwa miaka kama sita. Ikipata 6, huhitaji kama miaka 12. Aanzaye akiwa na miaka 30 anao muda wa kusaidiwa. Aanzaye akiwa na 50 atategemea nguvu zake tu. Pia tukumbuke ya kuwa bei za vitu hupanda, nazo hula fedha iliyolala sandukuni.

Sisi bado hatujastaafu, lakini kihamba kimerudi mikononi mwetu, na akibisha mtu mlangoni, watoto husema: Baba yupo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Je, mume na mke, kila mmoja ayajua madeni yote ya mwenzake? Katika malipo ya mwezi uliopita, riba ilikuwa kiasi gani? Ni mchango gani tunaoutoa kwa kuogopa maneno ya watu?